Bakora ya Mkono wa Kushoto

Walisema sitamaliza hata mwaka wa kwanza. Walisema baridi ya kaskazini itanirudisha kabla sijafungua begi, na kwamba mtoto wa Mmatumbi aliyekulia chini ya mikorosho hana kichwa cha kukaa na vitabu vya hospitali. Walipopata habari kwamba siendi kusomea udaktari wenyewe bali mazoezi tiba, yaani elimu ya jinsi mwili unavyojongea na jinsi ya kuurudisha unapokwama, ndipo walipocheka mpaka wakashikana mabega.

Nasema "walisema" lakini mwenye kauli alikuwa mmoja, mjomba wangu, kaka wa mama. Ni mfanyabiashara wa samaki wakavu hapa Kilwa Kivinje, mtu wa mji kwa baba na babu, na mama yangu alipoolewa na mkulima wa bara hakumsamehe kamwe. Baraza la nyumba yake ni refu, la saruji, linatazama njia ya msikitini. Kila jioni wenzake hukaa hapo na kahawa. Anayekaa karibu naye siku zote ni rafiki yake, fundi cherehani, mtu wa maneno.

"Shule ya kutembea!" fundi alisema siku niliyokwenda kuaga. "Mjukuu wangu juzi kaacha kutambaa. Kumbe kahitimu na mimi sikumfanyia hata sherehe."

"Tena diploma kabisa," mjomba akadakia. "Pacha wa jirani wamehitimu wote wawili, na mmoja bado ananyonya."

"Mwulize, Mzee, mtihani wao unafanywaje? Wanatembezwa mpaka Masoko?"

"Atakayefika kwanza ndiye profesa."

Nilisimama pale chini ya baraza, begi mkononi, nikacheka nao. Moyoni niliweka kila neno mahali pake.

Lakini walinikopesha, na hapo ndipo waliponibana. Mjomba alinipa magunia mawili ya korosho niuze nipate nauli na ada ya kuanzia. Korosho zenyewe zilitoka kwenye shamba lake la bara, ambalo baba yangu alilipalilia na mimi na ndugu zangu tuliokota chini ya kila mti. Fundi alinishonea makoti mawili meupe kwa ahadi. Mama mdogo, mdogo wao mama na mjomba, anayekaa Rasbura, mjini Lindi, alinipa godoro lake na hakusema neno, kwa hiyo yeye simhesabu kwenye kisasi hiki. Mjomba yeye alisema mbele ya watu wote: "Ukishindwa utarudi kuniokotea mpaka deni liishe."

Sikushindwa. Jumamosi na Jumapili nilibeba mifuko ya saruji kwenye majengo, siku nyingine nikakaa darasani, na wanafunzi waliolipiwa na baba zao nikawaacha nyuma katika somo la viungo na misuli. Sababu ni rahisi. Wao walisoma mguu kwenye picha. Mimi niliusoma kwenye mguu wangu mwenyewe, nikiwa na mfuko begani na ngazi ya mbao mbele yangu.

Watu wanadhani kutembea ni jambo dogo kwa sababu walianza kabla ya kuwa na akili. Ngoja niwaambie kinachotokea. Kisigino kikigusa ardhi, goti linataka kujikunja chini ya uzito wako. Misuli ya mbele ya paja inakaza, lakini inakaza huku ikirefuka, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani na kuiachia kamba polepole isimponyoke. Kisha ugoko unasonga mbele juu ya unyayo, na shavu la mguu nyuma linauzuia usiende mbio. Mwisho kisigino kinainuka, na kano yake, iliyokuwa imevutwa kama mpira wa manati, inakusukuma mbele. Mguu ulioachia ardhi unarushwa na nyonga, goti linajikunja karibu lenyewe, na msuli wa mbele ya ugoko unainua vidole visijikwae. Yote hayo kabla hujamaliza kusema "shikamoo."

Na kazi kubwa kuliko zote haionekani. Unapoinua mguu wa kushoto, mwili mzima umebaki juu ya nyonga ya kulia. Kiwiliwili kinataka kuangukia kushoto, upande ulioondolewa nguzo. Kinachozuia ni msuli mmoja ubavuni mwa tako, mpana kama kiganja, ulioshika mfupa wa kiuno kwa juu na kinundu cha mfupa wa paja kwa chini. Mfikirie mchuuzi wa maji aliyebeba mzega, ule mti wa kuning'inizia ndoo, begani, ndoo ikining'inia ncha moja tu. Akiwa ameweka bega mbali na ndoo, lazima avute ncha fupi chini kwa mkono, na avute kwa nguvu nyingi kuliko uzito wa ndoo yenyewe. Bega ndilo linalobeba vyote, ndoo na mkono unaovuta. Sasa, ndoo ni mwili wako, mkono unaovuta ni ule msuli, na bega ni nyonga. Ndiyo maana nyonga hubeba mzigo unaozidi uzito wa mwenyewe, kila hatua, maisha yake yote, na hakuna anayeishukuru.

Hilo ndilo nililokwenda kusomea. Si kutambaa.

Likizo ya kwanza nilirudi na magunia mawili ya korosho niliyonunua kwa jasho la saruji, nikayatua barazani. Mjomba akayasukuma kwa bakora. "Peleka kwa mama yako, mpwa wangu. Deni la nini baina yetu?" Nikadhani ni wema. Jioni ile nilipita nyuma ya nyumba nikasikia anawaambia wenzake: "Yule mimi ndiye niliyemsomesha. Hiyo miguu anayoisomea inatembea kwa korosho zangu." Wakacheka. Nikaelewa. Mjomba hakutaka magunia, alitaka lile neno. Deni likilipwa, neno linakufa, na yeye alikusudia liishi kuliko mimi.

Nilirudi mwaka mwingine na magunia mengine, akakataa tena, na nilipohitimu akakataa mara ya tatu mbele ya wageni kutoka Masoko, kwa sauti ya upole inayomfanya msikilizaji aone mimi ndiye mkorofi. Fundi naye akajifunza. Nikimpa bei ya makoti anasema, "Acha, baba, sisi ndio tuliokuvisha."

Nikafanya kazi Dar es Salaam, hospitali kubwa, nikaheshimiwa. Nilirudi Kivinje kwa kupenda mwenyewe. Nilipanga chumba chenye kuta nene kwenye jengo la zamani la Wajerumani, nikatengeneza kitanda cha mbao, nikashona mifuko ya mchanga ya kuinulia miguu, nikasimamisha kioo kirefu mgonjwa ajione anavyotembea, na diploma nikaitundika mkabala na mlango ili mtu akiinua macho aanze nayo. Wa kwanza kuja alikuwa mama wa Kisiwani aliyeteguka kifundo akishuka kwenye boti. Aliondoka anatembea, akaleta wenzake.

Mjomba aliwaambia watu barazani: "Msimpe mguu yule. Atawarudisha kutambaa."

Basi Mungu hamsahau mtu. Mguu ulioharibika ulikuwa wake.

Ulianza polepole. Akasema goti la kulia linamuuma. Akalipaka mafuta ya kila aina, akalifunga kitambaa, akaumikwa kwa pembe mpaka goti likawa na alama za duara kama sinia la maandazi. Akaenda Lindi, goti likapigwa picha, akaambiwa halina neno. Akakasirika akasema mashine ni mbovu. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu kila asubuhi anapotoka sokoni, na niliisoma hiyo miguu kabla ya mashine yoyote. Kila anapokanyaga mguu wa kulia, bega la kulia linashuka pia, mwili mzima unaegemea juu ya mguu huohuo unaouma. Mwenye goti bovu hafanyi hivyo. Huyo ni mwenye nyonga mbovu. Mwili unajisogeza juu ya nyonga ili ndoo ya mzega isiwe mbali na bega, ule msuli upunguziwe kazi. Na maumivu ya nyonga yana tabia ya kushuka kwa mbele ya paja mpaka gotini, yakamdanganya mtu mwaka mzima.

Tena alijiongezea. Bakora aliishika mkono wa kulia, upande uleule wa ugonjwa. Kikapu cha samaki alikishika mkono wa kushoto, mzigo upande ulioondolewa nguzo, kana kwamba ameajiriwa kuivunja nyonga yake mwenyewe. Hapa kwetu wazee wote hushika hivyo. Bakora ni ya heshima, na cha heshima hushikwa kwa kulia.

Nilijua. Sikusema. Aliyewakataza watu wasinipe mguu hakustahili nimpe mdomo. Nilikunywa chai yangu nikamtazama anavyoyumba kwenda na kurudi, na chai ile ilikuwa tamu.

Kilichomleta kwangu si maumivu. Ni bendera. Kila Maulidi mjini kwetu kuna zafa, watu hutembea kwa matari na kasida kutoka upande wa bandari mpaka msikitini, na anayetangulia na bendera ya kijani ni mjomba, kama alivyotangulia baba yake. Bendera hushikwa kwa mkono wa kulia, huo mwingine hakuna hata wa kuuwaza. Sasa mkono wa kulia una bakora. Akiacha bakora anaanguka, akishika bakora bendera haina mkono. Na fundi cherehani, rafiki wa kufa na kuzikana, alikuwa ameshaanza.

"Mwaka huu upumzike, Mzee," alisema barazani, nami napita. "Niachie mimi. Ni kushika tu."

"Nikifa utashika."

"Sijasema kufa. Nimesema kupumzika. Nitaifua, nitaipiga pasi, itoke kama mpya."

Mjomba akageuza uso. Nilimwona akiitazama njia ya msikitini kama mtu anayepima mto kabla ya kuvuka.

Ijumaa iliyofuata nilitoka msikitini nyuma yake. Nje palikuwa na msururu wa wageni wamesimama wanapeana mikono. Mjomba hawezi kumpa mtu mkono wenye bakora, kwa hiyo akaihamishia kushoto, akapita akisalimia mmoja baada ya mwingine. Nikasimama. Bega halikuyumba. Tangu mwanzo wa msururu mpaka mwisho alitembea kama mtu mzima. Alipomaliza kusalimia akairudisha bakora kulia, na palepale akaanza kuchechemea. Adabu yake mwenyewe ilikuwa imemponya na hakujua.

Siku chache baadaye mama mdogo alikuja kutoka Rasbura kwa ajili ya matayarisho ya Maulidi. Akaja chumbani kwangu, akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akazungusha macho.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Kaka anataka kuja kwako, mdomo hauinuki."

"Miguu pia haiinuki. Aanze na kipi?"

"Usinifanyie mzaha. Juzi usiku wa arusi alikaa kwenye kiti watu wote wakicheza. Wewe una kisasi."

"Ninacho," nikasema. "Mwambie nitamtengeneza, na senti yake siitaki. Nina masharti mawili. Nitamwangalia barazani kwake, wenzake wakiwapo. Na asubuhi ya baada ya zafa, kama kaishika bendera kwa miguu yake, atapokea magunia yake palepale barazani, na atasema kwa mdomo wake kwamba kalipwa."

"Akikataa?"

"Fundi ana pasi nzuri."

Akacheka huku anajifunika mdomo kwa kanga. Jioni jibu likaja: njoo.

Nilikwenda na koti jeupe. Makusudi. Barazani walikuwa wamejaa, na kahawa ilikuwa imesahaulika kwenye vikombe.

"Tembea mpaka kwenye ule mnazi, Mjomba, urudi."

"Unataka kunitembeza kama punda wa mnada?"

"Ndiyo."

Akaenda, akarudi. Nikawaeleza watu kwa sauti kila kilichokuwa kikitokea, kisigino, goti, kiuno, bega. Mwanzo walitabasamu. Kisha wakaacha, kwa sababu waliona kweli. Nikamwambia asimame kwa mguu wa kushoto peke yake. Akasimama. Asimame kwa wa kulia. Kiuno kikashuka upande wa pili, akayumba, akamdaka fundi begani.

"Fundi," nikasema, "wewe ndiye uliyekuwa ukitaka kujua mtihani wetu unafanywaje. Goti limefanya nini?"

"Halijafanya kitu."

"Na kiuno?"

"Kimeanguka."

"Umefaulu."

Mtu mmoja akacheka, na safari hii hakunicheka mimi. Nikamlaza mjomba juu ya mkeka, nikaukunja mguu wake kwenye nyonga, nikauzungusha kwa ndani taratibu. Akapiga kelele, "Goti!"

"Mkono wangu uko wapi?"

"Kwenye... uko kwenye kifundo."

"Goti nimeliminya? Nimelipinda kwa nguvu?"

"Hukuligusa."

"Basi hilo goti umelipaka mafuta mwaka mzima bure. Mwenye makosa ni nyonga." Nikachukua bakora yake nikaitia kwenye mkono wa kushoto. "Na hii inakaa hapa."

Hapo akainuka kukaa, uso umebadilika. "Huo ni mkono wa chooni. Nipite mbele ya watu nimeshikilia heshima yangu kwa mkono wa chooni?"

"Mkono wa kulia ni wa nini, Mjomba?"

"Wa kula. Wa kusalimia watu. Wa msahafu."

"Na wa bendera."

Akautazama mkono wake wa kulia.

"Sasa umeujaza mti," nikasema. "Watu wanakupa mkono, unahangaika kuhamisha. Ijumaa nilikuona. Ulipoishika kushoto usalimie wageni hukuchechemea. Uliporudisha kulia ukachechemea. Sikukutengeneza mimi siku ile, ulijitengeneza kwa adabu. Mti ukae kushoto usaidie kuinua kiwiliwili upande kinakoangukia, na huo wa kulia ubaki wazi kwa mambo ya heshima. Kikapu nacho kihamie kulia."

Mzee mmoja wa pembeni, mwalimu wa madrasa, akasema polepole kwamba haoni ubaya wowote, mti si tonge. Mjomba akanitazama kwa chuki ya kweli. Kisha akasimama, bakora kushoto, akatembea mpaka kwenye mnazi. Baraza zima likageuka kumfuata kwa macho. Aliporudi alikaa chini akaagiza kahawa nyingine kama mtu asiye na habari.

Sikumdanganya. Tulikwenda Lindi pamoja na mama mdogo, ikapigwa picha ya nyonga, ikaonyesha gegedu, utando laini wa kiungo, imelika, bado haijaisha. Nikamwambia wazi kwamba iliyolika haioti tena, na siku moja huenda akahitaji daktari wa upasuaji. Kazi yangu ni msuli na mzigo. Msuli utie nguvu, mzigo upungue, mtu atembee.

Tulikaa Rasbura kwa mama mdogo na mazoezi yakaanzia hapo, mkekani sebuleni. Alale kwa ubavu wa kushoto, mguu wa kulia juu, aunyanyue ukiwa umenyooka, kisigino kikitangulia, asigeuze kiuno kwenda nyuma. Wengi hugeuza ili misuli ya mbele iibe kazi. Mimi sikumruhusu kuiba.

"Kiuno mbele, Mjomba."

"Kiko mbele."

"Kiko nyuma. Anza upya."

"Kaka, unapiga teke kama mbuzi jike anayekataa kukamuliwa," mama mdogo akasema akipepeta mchele.

"Nyamaza, wewe! Huyu mtoto ananiua makusudi."

"Kukuua siwezi," nikasema. "Nakuhitaji asubuhi ya baada ya zafa. Anza upya."

Sitaandika kwamba nilimhurumia. Nilikuwa mkali kuliko ninavyokuwa kwa mgonjwa yeyote, sikumdhuru, na sikumpunguzia. Kila aliponung'unika nilikumbuka pacha wa jirani. Tuliporudi Kivinje ilifika asubuhi hakutokea chumbani kwangu. Tako lilimuuma, uchovu wa msuli ulioamshwa, naye akatangaza barazani kwamba nimemharibu. Nikasubiri. Mchana fundi cherehani alianika kitu mbele ya duka lake. Ilikuwa bendera ya kijani, imefuliwa, na yeye anaipima urefu kwa utepe kama mtu anayeshonewa suti.

Kabla ya alasiri mjomba alikuwa mlangoni kwangu. Hakusalimia. Alipanda kitandani, akalala kwa ubavu, akaanza kuinua mguu. Kiuno kilikuwa mbele.

Siku ya zafa nilivaa kanzu mpya nikajipanga ubavuni mwa njia, mahali pa kuona miguu. Matari yakaanza. Akatoka mbele, bendera mkono wa kulia, bakora kushoto. Bakora na mguu wa kulia vikagusa ardhi pamoja, kama nilivyomfundisha, na kiuno kikabaki sawa. Watoto wa madrasa wakafuata, kisha wazee, na fundi katikati yao na mikono mitupu. Njia ile ina mawe na mchanga mzito mahali pengine, mahali ambapo misuli ya shavu la mguu hufanya kazi mara mbili kwa sababu mchanga unaumeza msukumo. Nilimwona amechoka, jasho limelowesha kofia. Hakuyumba. Nilikuwa naitazama kazi ya mikono yangu ikipita mbele ya mji mzima, na nitasema lilivyo, hakuna mtu pale aliyekuwa na furaha kama mimi.

Mbele ya msikiti mzee mmoja akamwuliza, "Sheikh, bakora imehama?"

Nilisogea nisikie.

"Imehamishwa," mjomba akasema, akaingia ndani.

Imehamishwa. Kama imehamishwa na upepo. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilisukuma mkokoteni mwenyewe kutoka sokoni mpaka barazani kwake. Juu yake nilikuwa nimeweka godoro jipya kwa ajili ya mama mdogo, ambaye alilipokea akaniombea dua mbele ya wote na kulifunga kamba apande nalo gari la Lindi. Nilikuwa na jora la kitambaa cheupe, zaidi ya makoti mawili, nikamwekea fundi mapajani. Alifungua mdomo.

"Sisi ndio tuli—"

"Pima," nikasema. "Utepe unao."

Akapima. Akalikunja.

Kisha nikatua magunia mawili. Niliyafungua vinywa watu waone korosho zilivyo, kubwa, kavu, hakuna iliyooza. Mjomba alikuwa amekaa, bakora imeegemea upande wake wa kushoto. Aliponyoosha mkono kuyasukuma nilijua anachotaka kusema.

"Deni la nini baina..."

"Kaka," mama mdogo akasema. "Uliahidi."

Baraza lote likamwangalia. Mtu wa mji hawezi kuvunja ahadi mbele ya mashahidi, na mimi nilikuwa nimewaalika mashahidi wote.

"Nimelipwa," akasema.

"Na nani?"

"Na wewe."

"Mimi aliyenisomesha nani?"

Kwa mbali kondakta wa kibasi cha Masoko alikuwa akiita abiria, na hata huyo tulimsikia mpaka akamaliza.

"Umejisomesha," akasema mjomba wangu.

Nikageuza mkokoteni. Nilikuwa nimefika njiani nikasikia bakora yake ikigonga saruji, amesimama, akashuka barazani kwa mguu wa kushoto uliotangulia na mti, kisha wa kulia, vibaya, kinyume na nilivyomwelekeza. Nikamwambia mguu mbovu ndio unaotangulia kushuka. Akarudi juu, akashuka tena, sawasawa.

"Na mazoezi ya kesho?" akauliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie.

Mimi nilijibu kwa sauti ya wote kusikia.

"Kesho, Mjomba, utakuja na ada, kama watu wote."

Akaja nayo.